Kinga Njema Mahali Pake: Usalama Kwenye Drili na Mashine ya Kukereza



Watu husema ajali haina kinga. Msemo huo ni wa kumfariji mtu aliyeumia, na hatuukatai. Lakini ndani ya karakana ajali nyingi zina kinga, na mara nyingi kinga yenyewe ni kitu kidogo cha bei nafuu. Shida ni kwamba kinga ikitumiwa mahali pasipo pake inageuka kuwa mtego. Jambo hili tulijifunza kwa uchungu, na kosa lilikuwa letu.

Miaka michache iliyopita tulitembelea kikundi kimoja kilichokuwa kimefungua karakana ndogo sokoni. Walikuwa na mashine ya kulehemu, drili moja ya kusimama na meza ya kazi. Walitengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Tuliwakuta vijana wakifanya kazi mikono mitupu, na tukaona vibaya. Tuliporudi mara ya pili tuliwaletea pea kumi za glavu nzito za ngozi. Tukawaambia, "Vijana, vaeni hizi kila wakati mkiwa kazini." Wakashukuru. Mama mwenyekiti akatuombea safari njema, tukaondoka tukiwa na furaha.

Baada ya majuma machache tulipata habari kwamba kijana mmoja ameumia. Alikuwa akitoboa bawaba za geti kwenye drili. Ncha ya glavu iligusa biti iliyokuwa ikizunguka. Biti ikavuta glavu, na glavu ikavuta mkono. Alipoteza kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Tulipomtembelea hospitalini hakutulaumu. Alisema tu, "Nilikuwa nimevaa ile kinga mliyotuambia."

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumekaa na mafundi wazee, tumeuliza na tumesoma. Makala haya ni yale ambayo tungewaambia vijana wale siku tulipobeba zile glavu. Tafadhali yasomeni pamoja kikundini, hasa kama mna mashine au mnapanga kununua.

KWA NINI MASHINE INAYOZUNGUKA NI TOFAUTI

Tunazungumzia mashine mbili. Ya kwanza ni drili, yaani mashine ya kutoboa. Iko drili ya mkono, na iko drili ya kusimama ambayo imefungwa mezani au chini. Ya pili ni mashine ya kukereza, ambayo mafundi wengi wa jua kali huiita leithi. Neno kukereza ni la zamani. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kabla ya stima kufika. Siku hizi tunakereza miguu ya viti vya mbao, na kwa chuma tunakereza shafti na busheni za vinu vya kusagia unga.

Katika drili, biti ndiyo inayozunguka na kazi imetulia. Katika leithi, kazi ndiyo inayozunguka na kisu kimetulia. Lakini hatari yao ni moja: kitu kinachozunguka hakikati tu, bali pia hukunja na kuvuta.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mota ya kawaida ya stima huzunguka karibu mara 1,400 kwa dakika. Kama shafti inazunguka kwa mwendo huo, hiyo ni kama mara 23 kwa sekunde moja. Sasa, mtu akishtuka huchukua karibu robo ya sekunde kabla mkono wake haujaanza kuitikia. Katika hiyo robo ya sekunde shafti imekwisha kuzunguka karibu mara 6. Kama ina unene wa milimita 30, kila mzunguko humeza karibu sentimita 9 za nguo. Zidisha kwa 6, na utapata zaidi ya nusu mita. Hiyo ni dhiraa nzima, kutoka ncha ya kidole mpaka kwenye kiwiko.

Maana yake ni kwamba kabla hujasema "ai!", mkono umekwisha kwenda. Hakuna kijana mwepesi kuliko mashine, na hakuna mwenye nguvu za kushindana na mota. Kwa hiyo kinga ya kwanza kwenye mashine hizi ni kuhakikisha mashine haipati kitu cha kushika.

GLAVU: NDIYO AU HAPANA?

Glavu ya ngozi ni kinga nzuri sana kwa mtu anayelehemu, kwa sababu hatari yake ni moto na cheche. Ni nzuri pia kwa mtu anayebeba mabati yenye makali. Lakini mbele ya biti au mbele ya kazi inayozunguka kwenye leithi, glavu ni hatari. Kidole kitupu kikigusa biti kinaweza kukatwa, na mara nyingi mtu huwahi kukiondoa. Glavu ikigusa biti haikatiki upesi. Hujisokota na kubeba mkono mzima.

Kwa hivyo kanuni ni hii: mashine ikizunguka, glavu zivuliwe. Ukitaka kubeba chuma chenye makali au kusafisha meza, zima mashine kwanza, subiri isimame kabisa, halafu vaa glavu. Ukimaliza, zivue kabla hujabonyeza swichi. Mikono ikiwa na mafuta, ipanguse kwa kitambaa mbali na mashine.

KINGA ZA MWILI

1. Macho. Kila anayetumia drili au leithi avae miwani ya kazi, ile iliyofunika mpaka pembeni. Miwani ya kusomea haitoshi, maana vipande hupita pembeni na kioo chenyewe kinaweza kupasuka. Kwa anayekereza mbao, ngao ya uso mzima ni bora zaidi, kwa kuwa ubao wenye ufa unaweza kupasuka na kuruka. Anayesimama kando kutazama naye avae. Chuma hakichagui jicho la fundi peke yake.

2. Nguo. Ovaroli au koti la kazi liwe la kukaa mwilini, lisilo na nyuzi zinazoning'inia. Mikono iwe mifupi, au ifungwe vifungo kwenye kiganja. Shati lichomekwe ndani. Tai, skafu na leso ya kujifunga zisikaribie mashine. Akina mama wanaofanya kazi karakanani wavae ovaroli kamili badala ya kufunga leso kiunoni.

3. Nywele. Nywele ndefu, rasta na zile za kusukwa zifungwe nyuma na kufunikwa kwa kofia inayobana. Nywele hushikwa kwa urahisi kuliko nguo, na zikishikwa huja na ngozi ya kichwa.

4. Mapambo. Pete, saa, bangili, na mkufu wa shingoni hata wenye msalaba au rozari, vivuliwe na kuwekwa mfukoni. Pete ya ndoa nayo pia. Mke au mume wako atafurahi zaidi kuona kidole kimerudi nyumbani.

5. Viatu. Buti za ngozi zenye soli nene. Patipati na ndala hazifai, maana sakafu ina vipande vya chuma vyenye makali, na kazi nzito inaweza kuanguka mguuni.

6. Pua na masikio. Vumbi la mbao huharibu mapafu polepole, na mtu hajui mpaka amezeeka. Vaa barakoa ya vumbi unapokereza au kupiga msasa. Kama mashine inapiga kelele mpaka mnalazimika kupaza sauti kuongea mkiwa karibu, tafuteni vizibo vya masikio.

VIFAA VYA KUSHIKA KAZI

Ajali nyingi za drili hutokea kwa sababu fundi ameshika kazi kwa mkono. Anasema, "Ni tundu moja tu." Biti inapokaribia kutokeza upande wa pili, meno yake hukamata ukingo wa tundu. Papo hapo kile kipande cha chuma huanza kuzunguka pamoja na biti kama panga. Hapo ndipo viganja hukatwa.

Kinga yake ni kifaa cha kushikia, na viko vya namna tatu:

- Jiliwa (wengine huiita vaisi). Ikaze kazi ndani yake, kisha jiliwa lenyewe lifungwe kwa bolti kwenye meza ya drili.
- Klampu. Kama kazi ni ndefu au haiingii kwenye jiliwa, ibane mezani kwa klampu mbili. Klampu moja haitoshi, kwa maana kazi inaweza kuizunguka.
- Kizuizi. Hiki ni chuma kilichofungwa wima mezani, upande ambao kazi ingegonga kama ingezunguka. Hata klampu ikilegea, kazi itaishia kwenye kizuizi na haitafika mwilini mwako.

Kwa bati jembamba, liweke katikati ya mbao mbili na ubane zote pamoja. Biti ikipita kwenye ubao haikamati bati.

Biti inapokaribia kutokeza, punguza nguvu ya mkono. Na mwendo wa mashine ufuate ukubwa wa biti. Kwa chuma cha kawaida laini na biti nzuri ya chuma, biti ya milimita 5 yaweza kwenda karibu mara 1,900 kwa dakika, ya milimita 10 karibu mara 950, na ya milimita 20 karibu mara 480. Kwa kifupi: biti ndogo mwendo wa kasi, biti kubwa mwendo wa pole. Biti kubwa kwa kasi hupata moto, hukwama na kuvunjika.

Drili ya mkono nayo isichukuliwe kama mchezo. Biti ikikwama, mashine yenyewe hutaka kuzunguka na kukunja mkono wako. Ishike kwa mikono miwili, ukitumia kile kishikio cha pembeni. Fundi akishaking'oa na kukitupa amejipunguzia kinga. Simama imara chini, usining'inie kwenye ngazi ukinyoosha mkono.

UFUNGUO UNAOSAHAULIWA

Drili na leithi zina kichwa chenye mataya yanayoshika biti au kazi. Mataya hayo hukazwa kwa ufunguo wake. Ukiusahau mahali pake na kuwasha mashine, ufunguo huruka kama jiwe la kombeo. Ule wa leithi ni mzito, unaweza kuua mtu.

Mzee mmoja fundi alitufundisha hivi: "Mkono wangu ukiachana na ufunguo, basi ufunguo umekwisha kutoka kwenye mashine." Hauachi pale hata kwa dakika moja akitafuta kitu kingine.

Kinga yake haigharimu kitu. Pigeni msumari ukutani karibu na mashine, na mchore umbo la ufunguo kwa rangi nyekundu nyuma ya msumari. Kabla ya kuwasha, tazama ukutani. Ukiona ule wekundu mtupu, ufunguo hauko mahali pake. Usiwashe.

NDOANO NA BRASHI

Chuma kikikerezwa hutoa nyuzi ndefu zilizojipinda, zenye makali kama wembe na moto kama jivu la jikoni. Vijana wengi hupenda kuzivuta kwa mkono, na mashine ikiwa bado inazunguka. Uzi mmoja ukijifunga kwenye kidole na ncha nyingine ikishikwa na mashine, kidole kinakwenda.

Tengenezeni ndoano yenu wenyewe. Chukueni chuma cha duara cha unene wa milimita 6, mpinde ncha yake, na mtie mpini wa mbao ulionyooka. Mpini usiwe wa kitanzi ambacho kidole kinaingia, maana ndoano ikivutwa, kidole kitavutwa nayo. Zima mashine, isimame, ndipo uondoe nyuzi kwa ndoano. Vumbi na vipande vidogo viondolewe kwa brashi, si kwa kiganja. Usipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, kwa sababu vitaingia machoni.

YANAYOHUSU LEITHI PEKE YAKE

Kabla ya kuwasha, zungusha kazi kwa mkono mara moja. Hakikisha haigongi kisu wala kiegemeo. Kama chuma ni kirefu na kimetokeza nyuma ya mashine, kisiachwe bila kushikiliwa. Kikizunguka kwa kasi hujipinda ghafla na kuwa rungu.

Msasa ni hatari iliyojificha. Wengi huuzungusha kwenye shafti na kuushika kwa vidole pande zote mbili. Msasa ukikwama unavuta vidole ndani. Bandika msasa kwenye kipande cha ubao bapa na ukandamize ubao huo juu ya kazi. Ukitumia tupa, iwe na mpini. Tupa bila mpini ikirudishwa na mashine huingia kwenye kiganja.

Kwa wanaokereza mbao: chagueni ubao usio na ufa, fundo lililolegea wala msumari. Kiegemeo cha patasi kiwe karibu na kazi, bila kuigusa, ili patasi isidumbukie katikati. Anzeni kwa mwendo wa pole mpaka ubao uwe wa duara. Mkitaka kupiga msasa, ondoeni kiegemeo kwanza, kwa sababu vidole hunaswa kati yake na kazi. Mkipaka vanishi huku mbao inazunguka, tumieni karatasi laini, si kitambaa. Karatasi hukatika, kitambaa hakikatiki.

KINGA ZA MASHINE YENYEWE NA STIMA

Mashine nyingi zinazouzwa mitumba zimekwisha kupoteza vifuniko vyake. Kabla ya kulipa, tazameni vitu hivi:

- Kifuniko cha mkanda na gia. Kisipokuwepo, tengenezeni cha bati au cha wavu wa chuma wenye matundu madogo ambayo kidole hakipiti. Kifungwe kwa bolti ili kisiondolewe ovyo.
- Kinga ya mbele. Ngao ya plastiki ngumu inayoonyesha, mbele ya biti au juu ya mataya ya leithi, huzuia vipande vinavyoruka na nguo isikaribie.
- Swichi ya kuzimia. Iwe kubwa, nyekundu, na mahali ambapo fundi anaifikia bila kupita juu ya kitu kinachozunguka. Swichi iliyo ukutani nyuma ya mashine haimsaidii mtu aliyenaswa.

Jambo la nne tunalisisitiza kwa sababu ya hali yetu ya stima. Stima ikipotea, fundi huacha mashine na kwenda kunywa chai. Swichi bado iko wazi. Mwingine anakuja kusafisha au kubadilisha biti. Stima inarudi ghafla, na mashine inaanza yenyewe. Iko swichi maalum ambayo hujizima stima ikipotea na haiwaki mpaka uibonyeze tena. Kama mnaweza, wekeni hiyo. Kama bado, basi iwe sheria ya karakana: stima ikipotea, kila mtu azime swichi ya mashine yake kabla ya kuondoka. Na kabla ya kubadilisha biti, kisu au mkanda, chomoa plagi kabisa.

Stima yetu ni ya volti 240, na hiyo yaweza kuua. Mashine yenye mwili wa chuma lazima iwe na plagi ya miguu mitatu na waya wa ardhi uliounganishwa kweli, si mguu wa tatu wa kupamba tu. Drili nyingi za mkono zina alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Hizo zimekingwa mara mbili na hazihitaji waya wa ardhi. Waya uliochubuka usifungwe karatasi ya nailoni, ubadilishwe. Mvua ikiingia karakanani, kazi isimame.

Wekeni pia mwangaza wa kutosha, na mchore mstari wa rangi sakafuni kuzunguka mashine. Ndani ya mstari ni mtu mmoja tu, yule anayeifanyia kazi. Watoto, wateja na marafiki wa kupiga domo wabaki nje. Hakuna kumwita wala kumgusa begani mtu aliye kwenye mashine. Na aliyelewa, au aliyemeza dawa ya kulaza, siku hiyo apumzike.

HESABU YA KIKUNDI

Tumeona vikundi vikichanga kwa miaka miwili mpaka vikapata pesa ya mashine. Siku ya kununua, pesa yote inaishia kwenye mashine, na kinga zinaachwa "mpaka tupate faida". Ndugu zetu, hiyo faida yaweza kuishia hospitalini. Tunashauri kinga ziandikwe kwenye orodha moja na mashine tangu siku ya kwanza: miwani miwili, ovaroli, jiliwa, klampu mbili, swichi nzuri na sanduku la huduma ya kwanza. Ndoano, msumari wa ufunguo, mstari wa sakafu na vifuniko vya bati mnaweza kujitengenezea.

Na jambo hili si hiari peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka wa 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, pawe pa muda au pa kudumu. Haikusema ni viwanda vikubwa vya mjini tu. Inataka sehemu za hatari za mashine zifunikwe, mwajiri atoe nguo za kinga zinazofaa, na sanduku la huduma ya kwanza liwepo. Katika mwaka uo huo ilipitishwa pia sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, na hiyo inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Kwa hivyo kama kikundi chenu kimechukua kijana kujifunza kazi, msiseme "huyu ni mwanafunzi tu".

AJALI IKITOKEA

Mtu akinaswa: zima mashine kwanza. Usimvute kabla haijasimama. Usiiwashe tena kwa kuirudisha nyuma.

Damu nyingi: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachilia, inua mkono juu ya kifua, na umkimbize hospitalini.

Kidole kikikatika: mshughulikie mtu kwanza. Kisha tafuta kidole, ukifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, ukitie ndani ya mfuko wa plastiki na uufunge. Mfuko huo uweke ndani ya chombo chenye barafu au maji baridi. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala maji. Kipelekwe pamoja na mgonjwa, maana saa nyingine madaktari huweza kukirudisha.

Chuma machoni: usisugue na usijaribu kukichomoa. Funika jicho kwa kikombe kidogo cha karatasi bila kulikandamiza, na mwende hospitalini. Vumbi tu lioshwe kwa maji safi mengi.

MWISHO

Yule kijana alirudi kazini. Siku hizi ndiye anayewafundisha wanaoanza, na somo lake la kwanza ni kuwaonyesha mkono wake. Halafu anawapeleka kwenye misumari miwili aliyopiga ukutani. Mmoja uko kando ya mashine ya kulehemu, na glavu zimetundikwa hapo. Mwingine uko kando ya drili, na hapo hapana glavu, pana miwani na ufunguo. Anawaambia, "Hii ni ya hapa, na hii ni ya pale. Msichanganye."

Sisi tulibeba zawadi bila kuuliza ni ya kazi gani. Msirudie kosa letu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika karakana yetu, ni kitu gani kinachozunguka ambacho hakina kifuniko?
2. Ufunguo wa mataya hukaa wapi? Je, kila mtu anaweza kuuona kabla ya kuwasha?
3. Stima ikipotea leo, ni nani atakayehakikisha swichi zote zimezimwa?
4. Ni kinga gani tunaweza kujitengenezea juma hili bila kununua kitu?
5. Je, iko kinga yoyote tunayoitumia mahali pasipo pake?

Tuandikieni mtueleze mlivyojadili na mliyobadilisha. Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na aihifadhi mikono yenyewe.